UKUTA UNATEMBEA: NAMNA LAZERI INAPIMA MWENDO WAKE



Watu wengi wanawaza kama ukuta ni kitu cha kusimama tu. Hapana. Kila ukuta wenye kushikilia udongo unatembea. Tena muhandisi mwenyewe anataka utembee kidogo, juu udongo ukipata nafasi ya kulegea nyuma ya ukuta, unausukuma kwa nguvu ndogo kuliko udongo uliobanwa. Kwa ukuta wa metre 4 wenye muchanga nyuma yake, kichwa kikienda mbele milimetre 4 hivi, inatosha. Kwa hiyo ulizo si kama ukuta unatembea ao hautembei. Ulizo ni hili: unatembea mbio gani, na je, unasimama ao unaendelea?

Mutaniuliza: hiyo habari inatuhusu nini sisi wa Ruashi? Muji wetu iko tambarare, hatuna milima kama Bukavu. Ni kweli. Lakini tunaishi pembeni ya mashimo. Kalukuluku, ile wazungu waliita Étoile, ilianza kutoa shaba mu mwaka 1911, na karyere ya Ruashi iko jirani yetu. Kila karyere iko na kuta zake. Si za betoni, ni za mwamba na udongo, zinakatwa kama ngazi kubwa kubwa, na mashini zinafanya kazi chini yake. Ku Kolwezi, tarehe 8/3/2016, sehemu ya ukuta wa karyere ya KOV iliporomoka na wafanyakazi 7 walikufa. Tarehe 27/6/2019, mu eneo hilo hilo la KOV, galeri za wachimbaji wa mikono ziliwaangukia, na watu zaidi ya 40 wakafa. Ku Kinshasa, usiku wa kuamkia 13/12/2022, mvula ilikata barabara ya taifa N1 upande wa Mont-Ngafula, nyumba zikaenda pamoja na udongo, watu zaidi ya 100 walipoteza uzima. Na ngambo ya mupaka, ku Chambishi mu Zambia, tarehe 18/2/2025, ukuta wa bwawa la uchafu wa mine ulipasuka na maji ya asidi yakaenda mupaka mu mto Kafue. Ule nao ni ukuta wenye kushikilia kitu.

Adui wa kwanza wa ukuta ni nani? Watu wanasemaka: ni uzito wa udongo. Mimi nasema: ni maji. Tuhesabu. (Ndugu zetu wa Latin-Philo watuvumilie, hesabu iko fupi.) Tuchukue ukuta wa metre 4 juu, na udongo wa kawaida ulio mukavu nyuma yake. Kila metre moja ya urefu wa ukuta inasukumwa na nguvu ya tani kama 5. Sasa mvula inanyesha siku tatu, maji yanajaa nyuma mupaka juu na hayana pa kutokea. Maji peke yake yanasukuma tani 8 ku kila metre. Udongo wenyewe, sababu unaelea kidogo ndani ya maji, unasukuma karibu tani 3. Jumla tani 11. Ukuta ni ule ule, sima ni ile ile, lakini muzigo umepita mara mbili. Njo maana mu kila ukuta wa namna hiyo fundi anaacha matundu ya kutokea maji, ile tunaita barbakani, na nyuma yake anaweka mabwe madogo ili maji yashuke bila kubeba udongo. Mutu akifunga barbakani na sima juu ya kupendezesha ukuta, ao akiacha zizibwe na masashe na majani, anauongezea muzigo bila kujua.

Ukuta ukishindwa, haushindwi kwa namna moja. Unaweza kuinama mbele kama mutu mwenye usingizi. Unaweza kuteleza muzima ku musingi. Unaweza kutoa tumbo katikati, na hii ndiyo naona kuwa ya hatari zaidi kwa kuta za matofari na za mabwe. Unaweza pia kuzama upande mumoja. Macho yetu hayaoni hayo mapema. Ukuta wa metre 4 ambao kichwa chake kimeenda mbele santimetre 2 umeinama chini ya sehemu moja ya tatu ya digri. Jaribu kuona hiyo na macho! Utaona paka siku ile umeenda santimetre 20, na siku ile si ya kupima tena, ni ya kukimbia.

Mafundi wa zamani walikuwa na akili yao. Wanatundika filaplo kutoka ku musumari wa juu na wanapima mbele kwa chini. Wanapaka plastere nyembamba juu ya ufa, wanaandika tarehe juu yake: plastere ikipasuka, ufa umefunguka, haina mabishano. Ba topografe nao wanaweka prisma ku ukuta, vioo vidogo ambavyo mashini yao inavilenga kimoja kimoja kutoka mbali. Njia hizi zote ni nzuri na hazijakufa. Shida yake ni moja: zinapima pale tu ulipoweka alama. Ukiweka prisma 6 na tumbo likatoka katikati ya prisma ya 3 na ya 4, hauna habari.

Hapo njo lazeri inaingia. Lazeri ya kwanza ilifanywa mu Marekani mu mwaka 1960 na Theodore Maiman. Ni mwangaza wenye kwenda njia moja bila kutawanyika sana kama ule wa torshi. Skaneri ya lazeri ni mashini ya kusimama juu ya miguu mitatu. Ndani yake kuko kioo chenye kuzunguka mbio, na mashini nzima nayo inazunguka pole pole. Inatupa mwangaza ku ukuta, mwangaza unagonga na kurudi, na mashini inahesabu wakati uliopita. Mwangaza unatembea metre 299 792 458 kwa segonde moja. Kutoka hapa mupaka Likasi, kilometre kama 120, unafanya chini ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya segonde. Ukizidisha mwendo huo na wakati, kisha ukagawa kwa 2 (sababu umeenda na kurudi), unapata umbali.

Sasa angalieni ugumu wa kazi hii. Ukuta ulio mbali metre 50, mwangaza unaenda na kurudi ndani ya segonde 334 zilizogawanywa kwa bilioni. Na ukitaka kutofautisha milimetre 1, saa ya ndani ya mashini inapaswa kutofautisha segonde 6,7 zilizogawanywa kwa bilioni elfu moja! Saa ya kupima vile kwa mara moja ni ngumu kuipata. Ndiyo sababu mashini zingine hazihesabu wakati. Zinapandisha na kushusha nguvu ya mwangaza kama mawimbi, kisha zinalinganisha wimbi lililotoka na lile lililorudi, kuona limechelewa kwa sehemu gani. Ni kama kwaya mbili zenye kuimba wimbo mumoja: ya pili ikichelewa hata kidogo, sikio linasikia.

Mashini kama hiyo inapima nukta elfu mamia kwa segonde, zingine zinapita milioni. Ukuta wetu wa metre 4 kwa metre 20 ni metre za mraba 80. Ukiweka nukta moja kila santimetre, unapata nukta 800 000, na kazi inaisha ndani ya dakika chache. Nukta hizo zote pamoja wanaziita wingu. Ni kama picha, lakini kila nukta iko na mahali pake pa kweli: upande, mbele na juu. Unarudi nyuma ya mwezi, unapiga wingu la pili, na ordinatere inatoa moja ku ingine. Pahali ambapo hapakutembea inapaka rangi ya kijani, pahali palipotoka mbele inapaka nyekundu. Tumbo la ukuta linaonekana mara moja kama doa, hata kama hakuna mutu aliyewaza kuliangalia.

Lakini mutu asiwaze kama unabonyeza kifungo na kila kitu ni kweli. Mitego iko mingi, na mimi naona sehemu hii ndiyo ya lazima kuliko mashini yenyewe.

Mutego wa kwanza: unapima kutoka wapi? Mukiwa wawili ndani ya taxi-bus, mwenzako haonekani kutembea, hata kama gari inakimbia kuelekea Kenya. Vile vile, ukisimamisha skaneri juu ya udongo unaotembea pamoja na ukuta, utaandika sifuri na utalala vizuri, na ukuta unaendelea na safari yake. Lazima kuko alama imara mbali na ukuta, zaidi ya tatu, ku nyumba ao nguzo ambazo tuko na hakika kama hazisogei, na mashini izione kila mara. Kazi ya kuunganisha mawingu mawili kwa alama hizo njo inaleta makosa mingi kuliko lazeri yenyewe.

Mutego wa pili ni kuamini tofauti ndogo. Tuseme kila kipimo kiko na kosa la milimetre 3. Ukitoa kimoja ku kingine, makosa hayafutiki, yanaungana: 3 mara 3 ni 9, na 9 ingine ni 18, kipeo chake cha pili ni 4,2. Tena kama unataka kuwa na hakika mara 95 juu ya 100, unazidisha karibu na 2: milimetre 8. Kwa hiyo mwenye kukuambia kama nukta moja imetembea milimetre 2, mushukuru na usimuamini. Ni kweli, ukichukua nukta 100 za jirani na kufanya katikati yao, kosa la lazeri linapungua mara 10, linakuwa milimetre 0,3. Lakini kosa la kuunganisha mawingu halipungui hata ukichukua nukta milioni, sababu linasogeza zote pamoja.

Kuko na jua pia. Betoni inatanuka. Ukuta wa metre 20, kati ya asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba na mangaribi ya mwezi wa kumi, digri zikipanda 15, unarefuka milimetre 3. Njo maana wanapima saa moja ile ile na, wakiweza, hali ya hewa ileile. Ukuta uliolowana na mvula unameza mwangaza na unarudisha kidogo. Majani marefu yanadanganya mashini: wingu la pili likionyesha ukuta umetoka santimetre 10, kwanza angalia kama si nyasi.

Na kuko jambo moja ambalo wenye kuuza mashini hawalisemi kwa sauti. Skaneri inaona uso. Ukuta laini, uliopigwa plastere, ukizama wima chini bila kuinama, uso wake unabaki pale pale mbele ya mashini, na wingu linaweza kusema hakuna kitu. Nyuma ya ukuta nako, kule maji yako, lazeri haifiki kamwe. Kwa hiyo ku kazi kubwa wanaichanganya na vingine: prisma, radari, na mirija ya kupima urefu wa maji ndani ya udongo.

Tufike sasa ku mwendo. Mu mwaka 1985 Mujapani moja, Fukuzono, alionyesha jambo la ajabu kwa urahisi wake. Udongo wenye kuelekea kuanguka hautembei mwendo mumoja, unaongeza mbio. Chukua mwendo wa kila siku, gawa 1 kwa mwendo huo, na uandike ku karatasi ya mistari. Mufano: siku ya kwanza mwendo ni milimetre 2 kwa siku, unapata 0,5. Nyuma ya siku 10 ni milimetre 2,5, unapata 0,4. Nyuma ya siku 20 ni 3,3, unapata 0,3. Nyuma ya siku 30 ni 5, unapata 0,2. Unga nukta hizo na rula: musitari unashuka na utagusa sifuri siku ya 50. Siku hiyo mwendo hauna mwisho, maana yake udongo umeanguka. Kwa kweli musitari haunyooki vizuri vile, na kwa ukuta wa matofari njia hii haina usalama, sababu matofari yanapasuka gafula bila kukupa siku 20 za kuchora. Lakini kwa kuta za karyere imeokoa watu.

Mufano wa wazi ni mine ya shaba ya Bingham Canyon, mu Marekani. Toka mwezi wa pili wa mwaka 2013 vipimo vilionyesha kama ukuta mumoja unatembea. Mwendo uliongezeka mupaka santimetre kama 5 kwa siku. Wakuu wa mine waliondoa watu. Usiku wa tarehe 10/4/2013 ukuta ulianguka mara mbili, mwamba wa zaidi ya tani milioni 130. Camions na mashini za kuchimba zilifunikwa. Hakuna mutu hata moja aliyekufa, wala kuumia.

Mufano mwingine ni wa kuhuzunisha. Ku Vajont, mu Italia, walikuwa na alama za kupima ku mulima juu ya barrage kwa miaka mitatu. Mu siku za mwisho mulima ulitembea santimetre 20 kwa siku, na wao waliandika. Waliwaza kama wakishusha maji pole pole utasimama. Tarehe 9/10/1963 usiku mulima uliingia wote ndani ya ziwa, maji yakaruka juu ya barrage, na watu karibu 2000 wa vijiji vya chini walikufa. Barrage yenyewe iko inasimama mupaka leo. Vipimo havikukosa, kilichokosekana ni mutu wa kusema: toeni watu.

Kwetu Congo kuko Bukavu. Mutaa wa Funu, mu Kadutu, umejengwa juu ya mulima wenye kuteleza pole pole miaka na miaka, na nyumba zinateleza pamoja nao. Wataalamu wa Congo na wa Ubelgiji walilinganisha picha za zamani za ndege na za satelite pamoja na vipimo vya ardhi, na mu mwaka 2022 walitangaza kama sehemu zilizojengwa nyumba mingi zimeongeza mbio. Sababu kubwa wanaiona ku maji: manjanja, kanivo na bomba zenye kuvuja zinayapeleka pahali ambapo zamani hayakuwa yanaingia. Funu haikupimwa na skaneri moja juu ya miguu mitatu, juu hauwezi kuona muji muzima kutoka pahali pamoja. Lakini akili ni ile ile: picha mbili, na unatoa moja ku ingine.

Wengine wataniambia: telefone yangu iko na lazeri. Ni kweli, kuko telefone za bei kubwa zenye lazeri toka mwaka 2020. Zinaona metre 5 hivi na makosa yake ni ya santimetre. Kwa kupima chumba, sawa. Kwa kupima ukuta unaotembea milimetre, hapana. Na skaneri ya kweli inauzwa dola elfu makumi, hiyo si franga za masomo yetu.

Basi, sisi wa 4e Konstruksyo tumechukua filaplo. Munajua ule ukuta nyuma ya madarasa ya 7e na 8e, metre 2,20 juu, wenye kushikilia udongo wa barabara. Toka mwezi wa 11 tunaupima pamoja na mwalimu wetu, saa moja ya asubuhi, mbele ya kulte. Kichwa chake kilikuwa kimepita musingi kwa milimetre 31. Mwezi wa 12: 33. Mwezi wa kwanza: 38. Mwezi wa pili: 46. Filaplo yetu iko na kosa la milimetre 2 hivi, kwa hiyo zile 2 za kwanza si kitu. Zile 5 na zile 8 ni kitu. Na munaona wenyewe kama zinaongezeka.

Tulihesabu barbakani: ziko 9, na 6 zilizibwa na majani na masashe. Bwana Prefe pamoja na komite ya wazazi waliruhusu tuzizibue, na mu tatu maji machafu yalitoka mupaka mangaribi. Mwezi wa tatu tulipima 47. Tumefurahi, lakini mutu asipige makofi bado: mvula ya mwezi wa tatu ilikuwa ndogo kuliko ya mwezi wa pili, na hatuwezi kujua ni barbakani ao ni mvula iliyousimamisha. Plastere mbili juu ya ufa wa upande wa mulango ziko nzima. Ya tatu, ya katikati, imepasuka.

Kwa hiyo kamba yenye vitambaa vyekundu inabaki. Iko metre 3 mbele ya ukuta, sababu ukuta wa metre 2,20 ukianguka unalala urefu wake wote na matofari yanaruka zaidi. Wadogo wetu wa 7e na 8e wasikae kwenye kivuli chake saa ya rekreasyo, hata kama jua ni kali. Wakubwa wasiegemeze kinga juu yake wala wasipite mbele kufupisha njia ya kwenda ku pompe. Mwenye kuona plastere nyingine imepasuka, asiiguse, aje kuniita ao amuambie mwalimu wa zamu na kusema saa gani ameiona. Kipimo kinachofuata ni posho ya kwanza ya mwezi wa nne. Namba itaandikwa ku ubao karibu na ofisi.